Nati za Upande wa Kushoto

Kuna mlio mmoja ambao hata leo, nami ni bibi wa wajukuu watatu, ukinifikia ghafla hunisimamisha. Si mlio mkubwa. Ni ule wa nati iliyokazwa sawasawa pale inapokubali kuachia: kra! kavu, mara moja, kama pingili ya muwa inapovunjwa gotini. Juzi niliusikia Chake Chake, kwa vijana wa pancha, nilipopeleka kigari changu kilichochomwa msumari. Kijana aliikanyaga wili spana kwa mguu, nati ikalia, nami nikajikuta nimejishika mkono juu kidogo ya kiwiko.

"Mama, vipi? Unaumwa?" akaniuliza.

Nikamwambia siumwi. Kisha nikamwuliza kama aliwahi kukutana na gari ambayo nati za upande wake wa kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kulia. Akacheka kwa adabu, kama vijana wanavyotucheka siku hizi. "Kulia kukaza, kushoto kulegeza, mama. Dunia nzima ndivyo."

Sikumbishia. Na miye niliwahi kuijua dunia nzima hivyo hivyo, nilipokuwa na miaka tisa au kumi, na kwa ujuzi huo nilikaribia kuua watu.

Nyinyi wa rika langu mnayakumbuka yale malori tuliyoyaita chai-maharage: lori la Kiingereza lililokwisha kuchoka, likapigwa bodi ya mbao, mabenchi yakapangwa kwa urefu, juu paa la mbao la kuwekea mikungu ya ndizi na magunia. Babu yangu mzaa baba alikuwa na moja, pale kwetu Makangale. Lilikuwa la buluu, au niseme liliwahi kuwa la buluu. Ndani yake kulinuka mafuta ya gari, dagaa wakavu na mafuta ya nazi ya vichwa vya wanawake, na mpaka leo siwezi kuitenga harufu moja na nyingine. Kila asubuhi lilipita katikati ya msitu wa Ngezi, likatoka Konde, likateremka mpaka Chake Chake, na alasiri likarudi. Wagonjwa walikwenda nalo, mabibi harusi walikuja nalo, na nyumba yetu ilipata heshima isiyolingana na mali yetu kwa sababu ya lori lile.

Dereva alikuwa Ami Shaame, ndugu mdogo wa baba yangu. Utingo alikuwa Faraji.

Faraji alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye mikono mirefu, na kila mtu alimwita "yule wa bara". Wazee wa wazee wake ndio waliotoka bara, wakaja kufanya kazi za mashamba ya karafuu. Yeye mwenyewe alizaliwa Pemba, na babu yake kazikwa pale pale Makangale, makaburi ya upande wa kisimani. Lakini jina halikumtoka. Mimi kwa utoto wangu nilidhani Bara ni nyumba iliyo nyuma ya msitu, ambako Faraji alilelewa kisha akafukuzwa, na nilimwonea huruma. Niliwahi kumwuliza kama huko kwao Bara kuna mlango wa nyuma. Akanijibu, bila ya kucheka, kwamba ulikuwepo lakini umezibwa.

Namna hiyo ndiyo iliyonifanya nimpende. Hakuwa mtu wa kumcheka mtoto. Lori likirudi alasiri, mimi nilikuwa na kazi yangu ya kuosha magurudumu kwa maji ya ndoo na kumbi la nazi, na yeye alikaa kando akifanya yake huku akinieleza kila chuma ni cha nini. Ndiye aliyenipa wili spana nikaishika, nzito, inaniangusha mikono. Ndiye aliyenifundisha: "Mize, ukizungusha kulia unakaza. Kushoto unalegeza. Usisahau." Alinifundishia kwenye gurudumu la kulia, kwa kuwa upande ule ndio uliopata kivuli cha nyumba. Nilizungusha, nati haikusogea hata unywele, naye akasema, "Umeona? Hivyo ndivyo nati iliyokazwa inavyotakiwa kuwa. Haikusikilizi."

Siku moja lori lilirudi limechelewa kidogo. Tairi la mbele kushoto lilipata pancha njiani, wakabadilisha. Ami Shaame alikwenda moja kwa moja msikitini kuiwahi alasiri, Faraji akachukua ndoo kwenda kisimani. Mimi nikaanza kuosha, na siku hiyo nilianzia kushoto, kwa sababu gurudumu lililofungwa njiani lilikuwa na matope mengi kuliko mengine.

Nilipoyatoa matope kwenye ncha za boliti, kila boliti mahali inapochomoza katikati ya nati, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kulikuwa na herufi. Herufi ndogo iliyogongwa ndani ya chuma: L. Boliti ya pili, L. Ya tatu, L. Zote nane. Nikakimbia upande wa kulia, nikasugua kwa kidole, nikaona chuma kitupu. Nikarudi.

Mwaka ule ndio kwanza nilikuwa nimeanza kusoma vizuri skuli. Kila herufi niliyoiona, kwenye kopo la maziwa au kwenye gunia, niliitafutia neno. Basi nikasimama mbele ya gurudumu lile, maji yakinichuruzika viwikoni, nikatafuta neno la L, na neno likaja lenyewe. Legea.

Mnaweza kucheka, na mimi nacheka. Lakini wakati ule niliogopa kweli. Waliolitengeneza lori wameandika wazi kwamba nati hizi ni za kulegea, na katika nyumba nzima, Babu na Ami na Faraji, hakuna aliyeisoma isipokuwa mimi.

Nikaichukua wili spana. Nikatafuta na lile bomba la chuma ambalo Faraji alilichomeka kwenye mkono wa spana ili urefuke. Nikaiweka kwenye nati ya kwanza na kusukuma kulia, kama nilivyofundishwa. Haikwenda. Nikashika kipini cha mlango, nikapanda juu ya bomba kwa miguu yote miwili, nikaruka.

Kra!

Sijui kama nimewahi kuonja furaha kama ile. Nati imesogea! Zile za kulia hazisogei kwa sababu zimekazwa, na hii imesogea, kwa hiyo ilikuwa imelegea kweli, na mimi, Mize, nimeikaza. Nikaenda ya pili. Kra. Ya tatu. Kila iliyolia niliiacha hapo hapo, kama Faraji anavyofanya anapomaliza. Sita zilikubali. Mbili zilinishinda nikasema hizo basi zilikuwa sawa. Nikarudisha spana mahali pake, nikamaliza kuosha, nikavaa buibui langu dogo nikaenda chuoni kusoma Kurani.

Sikumwambia mtu. Maalimu wetu alikuwa ametueleza kwamba kheri ikifanywa kwa siri ndiyo nzito zaidi, nami nilitaka hii yangu iwe nzito kweli. Nililala usingizi wa mtu aliyeokoa watu.

Kulipokucha mamangu alinituma Konde kwa mama mdogo, aliyekuwa amejifungua, nikamsaidie kazi ndogo ndogo. Nilikwenda na lori, chini ya uangalizi wa jirani yetu Bi Raya. Huyu alikuwa mjane, msusi wa mikeka, mwanamke mwenye maneno machache na makali. Alikuwa anapeleka mikeka yake sokoni Chake Chake. Tulikaa mbele kabisa, benchi la kushoto, yeye ukingoni na mimi nimebanwa kati yake na nguzo ya bodi. Faraji alisimama nyuma kwenye ngazi, kama kawaida yake, akishika kamba.

Tulikwisha ingia Ngezi, kwenye ule mteremko wenye miti iliyokutana juu, nilipoisikia ngo, ngo, ngo, chini ya miguu yetu. Nilidhani ni mzigo uliolegea chini ya benchi. Faraji aliisikia pia. Akaanza kupiga bodi kwa kiganja na kupiga kelele, "Shaame! Simama! Mbele kushoto! Mbele kushoto!"

Ami Shaame alikanyaga breki, na hapo hapo gurudumu likatuaga. Nililiona kwa macho yangu. Lilitutangulia likiteremka barabarani peke yake, wima, kwa haraka, kama mtoto aliyetumwa dukani, kisha likakata kona na kuingia mitini. Lori likaanguka upande wetu. Bodi ikalia, wanawake wakalia, ndizi zikamwagika juu ya vichwa vyetu, na katika lile kuserereka kwenda mtaroni Bi Raya alinikumbatia kichwa, akauweka mkono wake baina yangu na nguzo.

Tulipogonga ukingo wa mtaro niliusikia mkono ule. Ulilia kama nati.

Hakufa mtu, alhamdulillahi. Watu wengi walichubuka tu. Lakini Ami Shaame aligonga kifua kwenye usukani, hakuweza kuvuta pumzi sawasawa, na Bi Raya alikaa kando ya njia ameushika mkono wake uliopinda mahali pasipopindika, uso wa kijivu, akisema, "Ntoto mzima? Hebu mtazameni ntoto." Gari iliyopita iliwachukua wote wawili hospitali Chake Chake. Mimi nilirudishwa nyumbani kwa baskeli ya mtu, sina hata mkwaruzo.

Alasiri ya siku ya pili watu walijaa barazani kwetu. Babu alikaa mahali pake, kofia imemkaa wima, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango na mamangu. Faraji alisimama chini, uwanjani. Hakuna aliyemwambia apande akae.

"Lile gurudumu ulilifunga weye?" Babu akauliza.

"Nililifunga miye, mzee."

"Na nati ulizikaza?"

"Nilizikaza zote nane. Na Shaame alizipitia."

"Shaame yuko kitandani, haulizwi. Nakuuliza weye."

"Nilizikaza, mzee."

Mtu mmoja kwenye baraza akasema, kama anajisemea, kwamba watu wa bara kazi zao harakaharaka. Wengine wakaguna. Mimi nilijua jambo ambalo wao hawalijui, na niliona kwamba kulificha tena ni dhambi. Nikaponyoka mkononi mwa mamangu nikatoka.

"Babu," nikasema, "nati zilikuwa zimelegea. Nilizikuta miye. Nikazikaza, lakini nguvu zangu zilikuwa ndogo."

Watu wote barazani wakanigeukia.

"Ulizikutaje?" Babu akaniuliza taratibu.

"Zilisogea. Za kulia hazikusogea, na za kushoto zilisogea. Nilizikaza hivi." Nikanyoosha mikono, nikashika spana ya hewani, nikazungusha kulia.

Nilipoinua macho nilimwona Faraji. Alikuwa anaitazama mikono yangu. Hakuutazama uso wangu, aliitazama mikono tu, na kitu kikapita machoni mwake nisichoweza kukieleza. Akafungua kinywa. "Mize..." akasema. Kisha akakifunga. Akatazama chini kwa muda, akawatazama watu waliokaa juu, mmoja mmoja, akarudi kunitazama mimi.

"Umemsikia ntoto?" Babu akasema. "Una neno?"

"Sina neno, mzee."

"Basi ondoka. Usitie tena mguu kwenye gari yangu."

Alipopita mbele yangu aliniwekea mkono kichwani. "Usilie," akaniambia kwa sauti ndogo. "Hukusema uongo." Sikuwa nalia. Nilianza pale.

Siku zile zilizofuata nilisifiwa mpaka nikachoka. Nilikuwa mtoto mkweli, mtoto wa kupigiwa mfano, na Maalimu aliniita mbele ya wenzangu. Hakuna sifa niliyokula ikanishuka. Faraji alikuwa ameondoka Makangale, amekwenda Msuka kwa dada yake, na ile alasiri yangu ya kuosha magurudumu haikuwepo tena. Lori lenyewe lilivutwa likarudishwa nyuma ya nyumba, mbele likiegemea mawe.

Ami Shaame alirudi baada ya wiki hivi, kifua kimefungwa, anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Kabla ya kukaa aliuliza, "Faraji yuko wapi?" Babu akamweleza. Ami akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Baba, zile nati nilizipitia kwa mikono hii, moja moja. Zilikuwa zimekazwa." Akaniita. "Mize. Njoo unionyeshe ulivyofanya."

Tulikwenda nyuma ya nyumba, yeye na Babu na mimi. Alinipa spana na bomba, akanielekeza gurudumu la nyuma kushoto. Nikapanda, nikaruka. Kra.

"Umeifanya nini?"

"Nimeikaza, Ami."

"Sasa ishike kwa vidole uizungushe tena huko huko."

Nikaishika. Nikazungusha kulia kwa vidole, na nati ikazunguka laini bila ya ubishi wowote, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ikanidondokea kiganjani. Nikaitazama pale mkononi mwangu, nzito, ina mafuta.

Ami alichuchumaa kwa taabu karibu yangu. Aliniambia kwamba katika magari yale ya zamani boliti za kushoto zimechongwa kinyume, kwa sababu gurudumu la upande ule likienda mbele huzunguka kinyume na mwenzake, na waliotengeneza walitaka nati izidi kujibana gari inapokwenda badala ya kujifungua. Kwa hiyo kushoto hukazwa kwa kushoto. "Na ile L waliyoigonga," akasema, "kwa lugha yao ni kushoto. Wamemwandikia fundi asikosee."

"Miye nilidhani ni Legea," nikasema.

Alicheka mpaka kifua kikamuuma, akajishika. Kisha kicheko kikamkatika ghafla. "Mize, ulipokuwa unawaeleza pale barazani, ulionyesha kwa mikono? Na Faraji alikuona?"

"Alikuwa ananitazama."

Ami akamgeukia Babu. "Basi alijua," akasema. "Alijua pale pale."

Babu alikuwa mtu wa fahari. Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu radhi, si bibi yangu, si wanawe. Alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa, akaivaa tena. Akaenda kuazima gari ya ng'ombe.

Ndivyo mwenye lori alivyokwenda Msuka, amekaa juu ya majani makavu nyuma ya ng'ombe, Ami upande huu na mimi upande wa pili, mwendo wa nusu siku. Watu wa Konde walitusalimu kwa mshangao, na Babu aliwajibu wote. Mimi nilikuwa natamani njia isiishe.

Tulimkuta Faraji kwenye konde la dada yake, anang'oa muhogo. Alipotuona alijifuta mikono, akaja, akamwamkia Babu kama siku zote. Babu hakusubiri kukaribishwa.

"Nimekukosea, Faraji. Nimekuhukumu kabla ya kumsikia dereva wangu."

Nami nikasema, nikitazama vidole vyangu vya miguu, "Ni miye niliyezilegeza. Nilizungusha kulia."

"Najua," akasema. "Niliona mikono yako."

"Na mbona hukusema, yakhe?" Babu akauliza, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Mbona uliniacha?"

Faraji alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema. "Ningesema nini, mzee? Utingo anamsingizia mjukuu wa mwenye gari apate kunusuru kibarua chake? Nani angenisadiki? Na hao ambao wangenisadiki, wangemgeukia nani? Bi Raya yuko hospitali, Shaame hatujui atapona au hatopona. Miye mtu mzima, nikisemwa naweza kwenda Msuka. Yeye angekwenda wapi? Nikaona bora ningoje. Shaame akirudi mzima ataniulizia, na Shaame anazijua nati zake." Akanitazama. "Na kosa lilikuwa langu pia. Nilimfundisha nusu ya kazi."

Dada yake alileta muhogo wa kuchemsha na samaki, na Babu, ambaye sikuwahi kumwona akila nyumbani kwa watu walioitwa wa bara, aliosha mikono akala. Alipomaliza akamwambia Faraji arudi kazini.

"Nitarudi," Faraji akasema. "Lakini yale maneno, mzee, yalisemwa barazani. Na haya yasemwe huko huko."

Ijumaa hiyo, watu walipotoka msikitini, Babu aliyasema. Faraji alikuwa amekaa juu, kando yake. Mamangu alitaka nibaki ndani, lakini nilitoka nikasema langu, na mguno niliousikia siku ile niliusikia tena, mara hii ukinielekea mimi. Ulinipita. Faraji aliongeza neno moja tu, kwamba ntoto huyu amezungusha vile alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni yeye.

Alibaki Bi Raya, na huyo ndiye niliyemwogopa kuliko wote. Alikuwa amerudi kwake, mkono umefungwa plasta ngumu kutoka bega mpaka vidole. Nilimkuta amekaa ukumbini na ukili wa mkeka wake umelala mbele yake, haujamalizika.

"Weye ndiye uliyenivunja nkono," akasema kabla sijafungua kinywa. Habari zilikwisha mfikia.

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Kusamehe nimesamehe. Lakini nkono mmoja hausuki. Kaa hapa, shika huu ukili, utakuwa nkono wangu mpaka huu upone."

Basi nilikuwa mkono wake. Kila alasiri, nikitoka kumsaidia Faraji, nilikwenda kwa Bi Raya, nikakaa kwenye sakafu yake, yeye anaelekeza kwa mdomo na mimi nasuka, akifumua nilipokosea na kuniambia nianze tena. Mikeka miwili tuliimaliza hivyo. Wa kwanza ulipinda. Aliuuza vivyo hivyo, akamwambia mnunuzi umesukwa na mtu wa mikono mitatu.

Nimepita makazini, nimelea, nimekosea makosa mengine ambayo hayakuwa ya kitoto. Na kila mara nilipotakiwa kusema "ni mimi", nilikwisha jua kwamba mtu husema akabaki hai, kwa sababu niliwahi kusema mbele ya watu walionipokea. Ami Shaame, Babu na Bi Raya wote wametangulia. Faraji tulimzika mwaka juzi, upande ule wa kisimani, na waliobeba jeneza walikuwa wengi kiasi kwamba nafasi ya kushika ilikuwa ya kugombaniwa. Mungu awape kauli thabiti. Mimi nawashukuru kila ninapokumbuka, na nakumbuka mara nyingi.

Lakini kuliko yote naikumbuka asubuhi ile lori liliporudi kazini. Lilikuwa limepakwa rangi mpya mbele, Ami Shaame yuko kwenye usukani, Faraji amezipitia nati zote mbele ya macho ya watu. Abiria walisimama pale na mizigo yao, wengi tu, na hakuna aliyepanda. Kila mmoja alijifanya anamngoja mwenzake. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mamangu, ninajua ni kwa sababu yangu.

Bi Raya akawapita wote. Mkono wake bado ulikuwa ndani ya plasta, umening'inia shingoni kwa kitambaa, na mikeka miwili ameibeba kichwani. Akapanda ngazi, akakataa kusaidiwa, akaenda akakaa mbele kabisa, benchi la kushoto, ukingoni. Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho katika ule umati, na akapigapiga mbao kando yake.

"Mize! Njoo ukae hapa," akaniita kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Nkono mmoja bado ninao."